Sun City: Hoteli Iliyojengwa Juu ya Mpaka

Tarehe 6 Desemba 1977 serikali ya Makaburu ilitangaza kwamba Bophuthatswana, vipande vya ardhi vilivyotapakaa kaskazini mwa Afrika Kusini, imekuwa nchi huru. Hakuna taifa lililoitambua isipokuwa Afrika Kusini yenyewe na bantustani wenzake, yaani maeneo mengine ya namna hiyo waliyotengewa Waafrika weusi. Miaka miwili na siku moja baadaye, tarehe 7 Desemba 1979, katika kimojawapo cha vipande hivyo, chini ya milima ya Pilanesberg, ilifunguliwa hoteli yenye kasino. Jina lake Sun City. Anayetaka kuielewa aanze na tarehe hizo mbili kabla ya mabwawa na viwanja vya gofu, kwa kuwa bila ile ya kwanza, hii ya pili isingekuwapo.

Sheria ya Kamari ya mwaka 1965 ilipiga marufuku karibu kila aina ya kamari Afrika Kusini, ikaacha mbio za farasi tu. Watawala wa siku zile walikuwa watu wa kanisa, au walitaka waonekane hivyo, na kamari kwao ilikuwa dhambi. Lakini watu wao waliitaka. Wenye magari walikuwa wakivuka hadi Swaziland (Eswatini ya leo) au Lesotho, wakacheza ruleti Jumamosi na kurudi nyumbani Jumapili. Fedha ilikuwa inavuka mpaka kila wiki, na mfanyabiashara mwenye macho aliiona.

Mfanyabiashara huyo aliitwa Sol Kerzner. Alizaliwa Johannesburg mwaka 1935, mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi, akasomea uhasibu. Mwaka 1964 alijenga hoteli ya Beverly Hills huko Umhlanga, ufukweni karibu na Durban, na mwaka 1969 akashirikiana na kampuni ya bia ya South African Breweries kuanzisha mnyororo wa hoteli wa Southern Sun. Kasino za nchi jirani zilimfundisha jambo moja: mteja yuko tayari kuendesha gari saa nyingi kwa ajili ya kitu alichokatazwa kwake. Sasa Makaburu wenyewe walikuwa wamemchorea mpaka mwingine, tena karibu zaidi. Kutoka Johannesburg au Pretoria hadi Sun City ni mwendo wa saa mbili hivi. Hakuna kugonga pasipoti. Unapita nyika yenye miiba, mara unaona taa.

Kwa hiyo kivutio cha kwanza cha Sun City kilikuwa sheria. Upande huu wa mstari ruleti ni kosa la jinai, upande ule ni burudani. Upande huu mweupe na mweusi hawakai meza moja, upande ule wanakaa. Wacheza dansi waliokuwa vifua wazi jukwaani, filamu ambazo wakaguzi wa Pretoria wasingeziruhusu, vyote hivyo vilikuwa halali kwa sababu, kwenye karatasi, hiyo ilikuwa nchi ya kigeni. Haishangazi kwamba watu walilibatiza jina la utani: mji wa dhambi.

Ili mpaka huo uonekane halisi, ilibidi ulimwengu uje. Hapo ndipo Kerzner alipotumia fedha bila kuhesabu senti, na ndipo hesabu yake ilipokuwa kali kuliko yote. Tarehe 25 Oktoba 1980 Mmarekani Mike Weaver alitetea mkanda wa ndondi wa WBA wa uzito wa juu mbele ya Gerrie Coetzee wa Afrika Kusini, akamwangusha raundi ya 13. Julai 1981 Frank Sinatra alikuja kuimba. Mwishoni mwa mwaka huohuo ikaanza mashindano ya gofu ya dola milioni moja, yenye wachezaji watano tu: Jack Nicklaus, Gary Player, Lee Trevino, Seve Ballesteros na Johnny Miller. Miller na Ballesteros walifungana, ikabidi waongezewe mashimo, wakaenda hadi la tisa ndipo Miller akaondoka na dola 500,000. Mwaka 1987 Ian Woosnam wa Wales alichukua milioni nzima peke yake.

Dola milioni moja kwa gofu zilikuwa fedha za kutisha wakati ule. Ila zipige hesabu kama gharama ya matangazo. Picha za televisheni zinazoonyesha nyasi za kijani, jua la Desemba na majina makubwa yakisema "Sun City, Bophuthatswana" zilikuwa zinafanya kazi ambayo mabalozi wa Bophuthatswana hawakuweza kuifanya, maana mabalozi wenyewe hawakuwa na pa kupokewa.

Hapo ndipo msanii alipoacha kuwa mgeni wa kawaida. Desemba 1980 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitaka wasanii waisusie Afrika Kusini, na baadaye ikaanza kutunzwa orodha ya waliokaidi. Watetezi wa Sun City walikuwa na hoja yao: ukumbini hakuna ubaguzi, anayelipa anaingia. Hoja hiyo ilikuwa kweli nusu. Bantustani ziliundwa ili Mtswana aambiwe kwamba yeye si raia wa Afrika Kusini, ana nchi yake, aende akapigie kura huko. Kila aliyepanda jukwaani pale alikuwa anaipigia muhuri habari hiyo. Na tiketi, mafuta ya gari na chumba vilichuja watazamaji vizuri tu bila kibao cha "Weupe Peke Yao."

Bendi ya Queen ya Uingereza ilienda Oktoba 1984. Sauti ya mwimbaji wao, Freddie Mercury, ilikatika, maonyesho kadhaa yakafutwa, na waliporudi Uingereza chama cha wanamuziki kikawatoza faini. Mwaka uliofuata Steven Van Zandt, mpiga gitaa wa Bruce Springsteen, aliwakusanya wasanii wa roki, rap na jazi, Springsteen, Miles Davis, Bob Dylan na Run-DMC wakiwamo, wakarekodi wimbo wa kuapa kwamba hawatatumbuiza hapo. Jina la wimbo ni jina la hoteli. Sijui hoteli nyingine duniani iliyoimbwa na watu wengi kiasi hicho kwa kuchukiwa.

Nyuma ya haya yote kulikuwa na mashine ya fedha, nayo inafaa ifunguliwe tuone ndani.

Chukua ruleti ya Kizungu. Gurudumu lina vijumba 37: namba 1 hadi 36 na sifuri ya kijani. Ukiweka randi moja kwenye namba moja na ikatoka, unalipwa randi 35 na ile yako unarudishiwa. Sasa weka randi moja kwenye kila kijumba, vyote 37. Umetoa 37. Namba yoyote itakayotoka, mkononi unabaki na 36. Randi moja imepotea, kila mara, bila mtu kukudanganya na bila gurudumu kuchezewa. Moja kugawa kwa 37 ni asilimia 2.7, na hiyo ndiyo mishahara, umeme, Sinatra na nyasi. Gurudumu la Kimarekani lina sifuri mbili, na makato yanaruka hadi asilimia 5.26. Anayekaa kwenye meza hiyo wakati ya sifuri moja iko hatua kumi mbele analipa mara mbili kwa uvivu wa kutembea.

Wengi wanaogopa meza na kukimbilia mashine za sloti, kwa kuwa pale unacheza na sarafu ndogo. Hebu tupige hesabu kwa mfano. Meza ya ruleti yenye watu huzungusha mara 40 hivi kwa saa. Ukiweka randi 50 kila mzunguko, umepitisha randi 2,000, na kwa wastani utaacha 54. Mashine inaweza kubonyezwa mara 600 kwa saa. Kwa randi 3 tu kila mbonyezo, umepitisha 1,800, na mashine inayokata asilimia 6 itabaki na 108. Randi tatu zimekula mara mbili ya randi hamsini. Kasi ndiyo inayokula, na ndiyo maana ukumbi wa kasino yoyote unajaa mashine na meza zinakaa pembeni kama pambo.

Blakijaki, mchezo wa karata wa kukaribia 21 bila kupita, ni nafuu kuliko zote kwa anayejua jedwali la uchezaji: makato yanashuka hadi karibu nusu ya asilimia. Lakini soma kitambaa cha meza kabla ya kuvuta kiti. Kikiandikwa kwamba blakijaki (karata mbili za kwanza zikifika 21) inalipa 3 kwa 2, kaa. Kikiandikwa 6 kwa 5, nyanyuka, maana mabadiliko hayo madogo yanaongeza makato kwa asilimia 1.4 hivi, na faida yote ya kujua kucheza imeyeyuka. Kosa lingine ni la hesabu ya moyo: mtu aliyepoteza huongeza dau ili "arudishe." Makato ni asilimia ya fedha inayopita mezani, kwa hiyo anayeongeza dau anaongeza anachokatwa. Chumba cha bure, chakula cha bure na kinywaji cha bure vinakokotolewa kutokana na hasara unayotarajiwa kupata, si kutokana na ukarimu.

Turudi kwenye mpaka. Februari 1990 Nelson Mandela alitoka gerezani, na mwenye akili yoyote aliona kwamba siku za bantustani zinahesabika. Bantustani ikifa, sheria yake inakufa nayo, na kasino zitaruhusiwa hukohuko Johannesburg kwenye wateja. Desemba 1992, kabla ya uchaguzi, kabla ya katiba mpya, Kerzner alifungua Lost City na hoteli yake ya kifahari, Palace, yenye vyumba 338. Wengi waliiona kama kiburi cha tajiri. Mimi naisoma kama bima. Mwenye duka alijua kwamba bidhaa yake kuu inakaribia kuuzwa kila mtaa, akatafuta bidhaa ambayo mtaani haijengeki.

Bidhaa hiyo ilikuwa hadithi. Kampuni ya wasanifu ya Kimarekani, Wimberly Allison Tong & Goo, ilitunga ufalme wa kale uliostawi bondeni kisha ukafukiwa na tetemeko la ardhi, na sasa "umegunduliwa upya." Zege limefinyangwa na kupakwa rangi lionekane jiwe lililoliwa na mvua za karne nyingi. Minara ina pembe za ndovu, nguzo zina majani ya mitende, mitaro ya maji inapita katikati ya msitu wa kupandwa ambao mimea yake inatajwa kufikia milioni 1.6. Ndani ya Palace amesimama ndovu wa shaba, Shawu, mfano wa ndovu wa kweli wa Hifadhi ya Kruger aliyekuwa na jino la sentimita 317. Na kuna lile daraja, Bridge of Time, lenye safu za sanamu za ndovu pande zote mbili. Saa ikigonga, linaanza kunguruma. Sakafu inatikisika chini ya viatu, moshi unatoka kwenye mawe, watoto wanapiga kelele, wazee wanashika ukuta. Kisha linatulia, na kila mtu anaendelea na safari yake ya kwenda kuogelea.

Kama kazi ya ufundi, napiga saluti. Kama historia, inauma. Mandhari hiyo ya ufalme wa kubuni imewekwa katikati ya nchi ambayo kweli ilikuwa na miji iliyopotea. Si mbali na Pilanesberg kuna magofu ya Marothodi, mji wa mawe wa Batlokwa wa mwanzoni mwa karne ya 19, uliofua chuma na kuyeyusha shaba. Magharibi zaidi, upande wa Zeerust, kulikuwa na Kaditshwene ya Bahurutshe. Mmisionari John Campbell alifika hapo mwaka 1820 akakadiria wakazi kati ya 16,000 na 20,000, ukubwa unaokaribiana na Cape Town ya wakati ule. Miji hiyo ilikuja kusambaratishwa na vita vya miaka ya 1820, havikuhitaji tetemeko. Mtalii anaweza kukaa siku nne Lost City, akapiga picha mia mbili za magofu ya zege, asijue kwamba kuta halisi zipo umbali mfupi kwa gari. Msanifu hakuwa na haja ya kubuni chochote. Alihitaji kuuliza tu.

Yaliyotarajiwa yakatimia. Machi 1994 Lucas Mangope, rais wa Bophuthatswana, alikataa nchi yake ishiriki uchaguzi, watumishi wakagoma, polisi wakaasi, akaangushwa. Tarehe 27 Aprili bantustani ilirudi ndani ya Afrika Kusini, na Sun City ikawa hoteli ya Mkoa wa Kaskazini Magharibi. Sheria ya Taifa ya Kamari ya 1996 ikaruhusu leseni 40 za kasino nchi nzima, 6 kati ya hizo katika mkoa wa Gauteng, wenye Johannesburg na Pretoria. Kufikia mwaka 2000 Montecasino ilikuwa imefunguliwa kaskazini mwa Johannesburg, GrandWest huko Cape Town. Mtu wa Sandton, kitongoji cha Johannesburg, aliyetaka ruleti sasa alihitaji dakika ishirini.

Na bado Sun City haikufa. Ilikuwa imeshabadilisha ngozi. Mashindano ya Miss World yalifanyika hapo mfululizo kuanzia 1992 hadi 1995, yakarudi mwaka 2001, ambapo Agbani Darego wa Nigeria alitawazwa, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda taji hilo. Hoteli ilianza pia kuuza wiki za kukaa kwenye nyumba zake kwa familia zinazorudi kila mwaka, biashara ambayo haihitaji mtu aguse hata kadi moja. Kerzner mwenyewe alikuwa ameshahamisha dhana yake ng'ambo: Atlantis ya Bahamas, na mwaka 2008 Atlantis ya Dubai, hadithi ileile ya mji uliozama, maji yaleyale, samaki wengi zaidi. Ile ya Dubai ilifunguliwa bila hata meza moja ya ruleti. Alifariki Cape Town Machi 2020.

Kwa anayekwenda leo, basi, apange safari kama mtu anayekwenda likizo, kasino aipe saa moja ya jioni au asiipe kabisa. Hoteli za asili ni nne, na tofauti zake si nyota tu. Soho ndiyo ile ya kwanza ya 1979, iko juu ya kasino, ina kelele na inawafaa wasiolala mapema. Cabanas ni ya chini chini, imetandazwa karibu na ziwa, ndiyo ya familia. Cascades ina bustani na maporomoko ya maji ya kutengeneza. Palace ni ya kuonyeshana, ingawa bustani zake unaweza kuziona bila kulala humo. Nyani na tumbili wanafahamu ratiba ya usafi wa vyumba kuliko wageni: mlango wa kibarazani ukiachwa wazi na matunda mezani, ni mali yao.

Valley of Waves, bwawa lenye mchanga na mawimbi yanayokaribia mita mbili, lina joto la kupendeza Oktoba hadi Machi. Juni na Julai asubuhi ni baridi ya kweli, maji yanauma, na huo ndio msimu ambao bwawa hufungwa kwa matengenezo, kwa hiyo uliza kabla ya kulipia chumba. Watoto wakae upande wa kina kifupi. Wimbi linapovunjika nguvu yake inarudi miguuni, na mtoto anaangushwa na maji yanayorudi kuliko yale yanayokuja. Wikendi za likizo za shule wageni wa siku moja wanafurika, foleni za mitelezo ya maji hazisogei. Jumanne au Jumatano ni dunia nyingine.

Mcheza gofu ana viwanja viwili. Cha Gary Player ni kirefu, zaidi ya mita 7,000 kutoka alama za nyuma za kuanzia, na adhabu yake ni nyasi ndefu za pembeni zinazomeza mpira. Cha Lost City kinajulikana kwa shimo la 13: kijani chake, zile nyasi fupi zinazozunguka tundu, kina umbo la bara la Afrika, na mbele yake kuna shimo la mamba wa kweli. Mpira ukidondokea humo, chukua mwingine mfukoni.

Lakini kama una asubuhi moja tu, usiitumie ndani ya uzio. Hifadhi ya Pilanesberg iko mlango wa pili. Ni mabaki ya volkano yenye umri unaozidi miaka bilioni moja, pete ya vilima yenye ziwa Mankwe katikati. Ilifunguliwa mwaka uleule wa 1979, wafugaji na wakulima wa Bakgatla wakahamishwa, kisha wanyama wapatao 6,000 wakaletwa kwa malori katika operesheni iliyoitwa Genesis. Faru, simba, tembo na chui wote wapo, na eneo hilo halina malaria, jambo linalozipa amani familia zenye watoto wachanga. Lango mojawapo la karibu ni la Bakubung, dakika chache kutoka Sun City. Saa za kufungua hubadilika kwa msimu, basi ziangalie usiku uliotangulia, uwe langoni kabla halijafunguliwa, na uelekee moja kwa moja kwenye kibanda cha kutazamia wanyama pale ziwani. Ikifika saa nne asubuhi jua limeshapanda, wanyama wamejificha kivulini, na mabasi ya watalii waliochelewa kuamka kutoka kasino ndiyo kwanza yanaingia.